Tupeane uzoefu: ulivukaje kutoka shahada ya kwanza hadi uzamivu wa sayansi za tiba hapa Marekani?

Habari zenu ndugu. Uzi huu ni kwa ajili ya wadogo zetu walio chuoni, hasa wale ambao nyumbani kwao hakuna aliyewatangulia. Nimeona wenye akili nyingi wakiishia njiani kwa kukosa tu wa kuwaambia. Naanza na yangu.

Mpaka mwaka wa nne niliamini uzamivu unalipiwa na mwanafunzi. Mwalimu wa maabara ya biokemia aliponiuliza nitaomba wapi, nikamjibu sina ada. Akaweka kalamu chini. Akaniambia programu nyingi za uzamivu katika fani hii hukulipia ada na kukupa posho ya kuishi juu yake. Nililia kwenye gari. Maombi ya idara nyingi hufungwa mwezi wa 12, na wakati huo tulikuwa Februari. Mwaka mzima ukapotea.

*

Asante dada. Mimi kilichonibana ni muda. Usiku nilikuwa napakia mizigo ghalani, na kila profesa niliyemwendea alitaka nijitolee bila malipo. Wanaodahili wanatazama sana utafiti uliofanya. Asiye na wa kumlipia kodi ataufanya saa ngapi? Hili linaniuma mpaka leo.

Kilichonivusha ni PREP, programu iliyogharimiwa na NIH, Taasisi za Taifa za Afya za Marekani: baada ya shahada ya kwanza ulikuwa unalipwa kufanya utafiti mwaka mmoja au miwili, huku ukiandaliwa kuomba uzamivu. Mwanzoni seli zangu ziliota ukungu kila wiki. Msimamizi hakunigombeza, alisimama nami tukapitia hatua moja moja, hadi tukagundua tatizo lilikuwa maji ya kwenye kitotoleshi, lile kabati la joto la kukuzia seli. Kwenye usaili niliulizwa kuhusu jaribio lililoshindwa. Nilikuwa nalo la kusimulia!

*

Kwangu ilikuwa aibu. Nililelewa nikijua kuomba msaada ni kuonyesha udhaifu, hivyo nilisoma peke yangu na kufeli kemia kimya kimya. Chuo chetu kilikuwa kimeiga Meyerhoff, programu ya kuwaandaa wanafunzi kwa uzamivu wa sayansi, iliyoanzishwa mwaka 1988 katika Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore County. Kule kusoma kwa vikundi ni utaratibu, hata kwa wanaoongoza. Dk. Kizzmekia Corbett, mmoja wa wanasayansi waliohusika na chanjo ya Moderna ya UVIKO-19, alipitia Meyerhoff. Kumwona Mweusi mwenzangu pale kulinipa nguvu ambayo siwezi kuieleza vizuri.

Halafu GRE, mtihani wa kuombea shahada za juu, usiwatishe, idara nyingi za fani hii zimeacha kuudai. Hakikisheni tu kwa kila mnakoomba.

*

Shikamooni. Niko mwaka wa tatu. Profesa aliyenifundisha darasa la watu 300 anafaa kuniandikia barua ya mapendekezo?

*

Marahaba mdogo wangu. Huyo ataandika kwamba ulipata A, basi. Mwombe aliyekuona ukishika pipeti, ukikosea na kurudia. Mpe wiki sita, na umpe rasimu ya insha yako ya maombi aisome kabla hajaandika. Ada ya maombi nayo usiikimbilie kulipa. Iandikie idara mapema uombe kusamehewa ada hiyo, wengi hukubali. Insha ikiwa tayari nitumie, Jumapili nitakaa nayo.