Naombeni ukweli kuhusu baridi ya Mbeya, Juni mpaka Agosti

Kisima_cha_Pwani (mleta uzi)
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mtu wa pwani, nimezaliwa na kukulia Dar. Kazini nimepata uhamisho kwenda Mbeya mjini, natakiwa kuripoti tarehe 1 Julai. Sijawahi kufika huko. Kila ninayemuuliza ananiambia "utaganda" halafu anabadilisha mada. Nataka kujua baridi yenyewe ikoje hasa. Ni ya asubuhi tu au ya kutwa? Ndani ya nyumba nako ni vilevile? Maji ya bomba je, mtu anaweza kuyanywa asubuhi? Nahamia peke yangu, mizigo si mingi. Naombeni majibu ya kweli, usingizi umepungua kwa ajili ya jambo hili.

Loleza_Mwana
Karibu sana Mbeya. Nimezaliwa Isanga, nitakueleza kama ilivyo.

Mji uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda mita 1,000, joto linashuka kwa wastani wa nyuzi 6 na nusu, kwa hiyo ukitoka Dar unapungukiwa na nyuzi kama 11 hata kabla ya kipupwe kufika. Juni, Julai na Agosti mvua hakuna, anga jeupe, na wingu ndilo blanketi la ardhi. Likikosekana, joto lote la mchana linapotea usiku. Alfajiri inafika nyuzi 5 au 6, mara nyingine chini ya hapo. Saa 4 asubuhi jua likikolea unavua koti, saa 8 mchana unatembea na shati, nyuzi 20 au 22. Ila ukiingia kivulini tu unalikumbuka koti. Saa 12 jioni baridi imesharudi.

Ndani ya nyumba ni baridi, ndiyo. Nyumba nyingi ni tofali na bati, hazina cha kupasha joto. Usiku utasikia bati likilia ta, ta, ta, linapoa. Maji ya bomba alfajiri yanauma meno.

Mvua zetu ni msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili hivi, si masika na vuli kama kwenu. Joto kubwa tunalipata Oktoba, kabla mvua hazijaanza.

Mzee_Fuso
Baridi ya Mbeya ni ya kistaarabu. Baridi iko Makambako! Pale kuna upepo usiolala. Nimeendesha njia hii ya Tunduma muda mrefu, nikakwama Makambako usiku mmoja wa Julai na pancha ya tairi mbili. Kufungua nati kwa mikono mitupu nilishindwa, spana ilikuwa kama barafu. Utingo wangu alijifunga turubai la mzigo mwilini akakaa nalo mpaka asubuhi. Sasa ukienda Makete kule, unaamka unakuta majani meupe, umande umeganda. Mbeya mjini mtu analalamika nini?

Mwenda_Bweni
Umenikumbusha bweni. Kuoga saa 10 alfajiri, ndoo imelala nje usiku kucha. Tulikuwa tunamwagia kwanza miguu, halafu mikono, kichwa mwisho, na lazima upige kelele, la sivyo pumzi inakata. Midomo ilikuwa inapasuka mpaka damu, tukiambiana usicheke. Mafuta ya kupaka yalikuwa yameganda koponi, unayachokonoa kwa kijiti. Lakini nilimaliza na ninazo afya zangu.

Shangazi_Viazi
Kisima, usinunue koti Dar, utauziwa pazia. Ukifika nenda Mwanjelwa kwenye mitumba, makoti yapo ya kila aina, mazito kwelikweli. Chukua na soksi za sufu, na blanketi mbili. Nyumba umepata wapi? Maana Forest na Block T ni tofauti na Uyole, na Uyole ni tofauti na Mbalizi. Watu wanasema "Mbeya" kama vile ni chumba kimoja.

Bwana_Kauli
Vijana wana shahada wanazunguka na bahasha miaka minne. Wewe kazi unayo, uhamisho umelipiwa, unaogopa hewa. Mtumishi anakwenda anakotumwa. Shukuru Mungu, funga begi.

Nesi_Mstaafu
Mwanangu Kisima, nimesoma maswali yako mara mbili. Mtu anayehofia baridi kwa ajili yake huuliza koti. Wewe umeuliza ndani ya nyumba kukoje, umeuliza maji ya kunywa asubuhi. Nani mwingine anakwenda na wewe? Kuna mwenye pumu? Kuna mwenye seli mundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu kupinda?

Kisima_cha_Pwani
Asanteni wote, nimepata mwanga. Mama Nesi, nilisema nahamia peke yangu. Shangazi, nyumba ni Uyole, binamu yangu kanitafutia, nimeshalipa kodi ya miezi 6. Feni nimeshamgawia jirani. Kwa hiyo swali si niende au nisiende, ni namna ya kuishi nikishafika.

Nesi_Mstaafu
Hujajibu, mwanangu.

Loleza_Mwana
Uyole kuko juu kidogo kuliko mjini, na ni wazi, upepo unapita. Ningekuwa mimi ningeuliza kwanza kabla ya kulipa. Ukishuka kuelekea Mbalizi na Songwe hali inalainika.

Kisima_cha_Pwani
Haya. Nina mtoto wa kiume, miaka 7. Ana seli mundu, SS, yaani amerithi kwa wazazi wote wawili. Tuligundua akiwa na miezi 10, vidole vilivimba.

Sikutaka kuandika kwa sababu najua mtaniambia nini. Julai mwaka jana, hapahapa Dar, mvua ya jioni ilimkuta akitoka shule. Dar, nyuzi 18 au 19! Usiku aliamka kashika miundi ya miguu, analia bila sauti, meno ameyauma. Ananiambia mama miguu inawaka. Tulilazwa siku 5. Sasa nyie mnanitajia nyuzi 5.

Lakini anatumia haidroksiyurea, dawa ya kupunguza maumivu ya seli mundu, mwaka wa pili sasa, na amepata maumivu makali mara moja tu tangu aanze. Na Mbeya mjini malaria si kama huku, na malaria ndiyo iliyokaribia kumuua akiwa na miaka 3. Hilo nalo lihesabiwe. Na uhamisho huu una cheo. Nikipanda daraja, bima na kila kitu kinabadilika, na ni kwa ajili yake.

Nesi_Mstaafu
Pole sana mwanangu. Umefanya vizuri kusema, na hoja yako ya malaria si ya kupuuza. Wenye SS hawana kinga ile inayosemwa, kinga ni ya wale wa AS, waliorithi kwa mzazi mmoja tu. Mtoto wa SS akiugua malaria, damu inamwisha haraka.

Sasa sikiliza upande wa pili. Baridi inabana mishipa midogo ya damu, chembe zilizopinda zinapita polepole, zinakwama, na pale zilipokwama ndipo maumivu yanapoanzia. Upepo na nguo mbichi ni wabaya kuliko namba ya kipimajoto, maana vinanyang'anya mwili joto ghafla. Halafu kuna jambo watu hawalioni: kipupwe cha nyanda za juu ni kikavu. Mtoto hasikii kiu kwa sababu ya baridi, hanywi, damu inakuwa nzito. Swali lako la maji ya asubuhi lilikuwa la mama anayejua. Yachemshe, yaweke kwenye chupa ya chai, anywe ya vuguvugu kutwa nzima, hata shuleni.

Na mwinuko. Mita 1,700, hewa ni nyepesi, oksijeni unayovuta ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Watoto wengi wa SS wanaishi miinuko ya namna hiyo, ila mwenye bandama kubwa au aliyewahi kubanwa kifua anahitaji daktari wake aseme kwanza. Wako aliwahi kubanwa kifua?

Jambo la mwisho, na hili ni kwa kila anayehamia kwenye baridi: usilale na jiko la mkaa chumbani. Hewa yake ya sumu haina harufu. Nimepokea familia nzima alfajiri, wawili hawakuamka.

Mkaguzi_Kimya
Ngojeni kwanza. Mimi nasema hii ni chai.

Post ya kwanza: "nahamia peke yangu". Ya pili: "nilisema peke yangu". Ya tatu: mtoto miaka 7. Na mwezi uliopita kulikuwa na uzi hapahapa wa mtu huyuhuyu, Kisima_cha_Pwani, anauliza baridi ya Arusha. Tena kule alisema ni mfanyabiashara. Leo ni mtumishi wa Mbeya. Kesho atahamia Lushoto. Watu wanatunga habari za watoto wagonjwa, mwisho wake inakuja namba ya simu ya michango.

Mzee_Fuso
Duh. Na mimi nimeshamwombea.

Mwenda_Bweni
Nimeutafuta, uzi wa Arusha upo kweli. Mleta uzi njoo ujibu.

Shangazi_Viazi
Hata kama. Aliyoyaeleza Mama Nesi ni ya kweli, na humu kuna wazazi wengine wanasoma kimya. Na huyu hajaomba hata shilingi.

Bwana_Kauli
Uongo ni uongo. Mimi niliuona mapema, ndiyo maana nilimwambia afunge begi.

Nesi_Mstaafu
Hukuona chochote, ndugu yangu, ulimgombeza tu. Vidole kuvimba kwenye miezi ya mwanzo, anayetunga angetoa wapi? Ndiyo dalili ya kwanza tunayoiona kwa wengi wao. Kisima, jibu kwa utulivu.

Kisima_cha_Pwani
Uzi wa Arusha ni wangu. Kuhusu biashara, nilidanganya, nilihofia mtu wa ofisini kwetu angenitambua. Naomba radhi kwa hilo.

Nafasi zilitangazwa tatu, nikaomba mwenyewe. Arusha, Mbeya na Morogoro. Hakuna aliyenituma. Nilianza kuuliza Arusha, watu wakaniambia baridi, nikaiacha. Nikaja Mbeya.

"Peke yangu" ilikuwa kweli nilipoandika. Mpango ulikuwa abaki Dar kwa bibi yake, karibu na kliniki yake. Juzi nikamweleza. Hakulia. Alikwenda kwenye kabati akatoa sweta lake la bluu, la mwaka juzi, akalivaa hapohapo na jua lote lile, mikono inaishia kwenye viwiko. Akaniambia, mama, mimi nina sweta. Ndiyo nikaja kuuliza habari za ndani ya nyumba.

Na ndiyo, aliwahi kubanwa kifua. Mara moja, ana miaka 5. Aliwekewa oksijeni.

Loleza_Mwana
Dada, Morogoro iko kama mita 500. Joto la kutosha, mlima unautazama tu kwa mbali. Na kwenda Dar kliniki unakwenda na kurudi siku moja. Mbeya mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 800. Mimi naupenda mji wangu na ningependa uje, lakini Morogoro umeiachaje?

Kisima_cha_Pwani
Morogoro haina cheo. Ni kazi ileile, mshahara uleule. Mbeya ni mkuu wa kitengo. Nimekisubiri miaka 9. Na kodi ya Uyole nimelipa, mwenye nyumba hawezi kurudisha. Na Mbeya kuna hospitali ya rufaa ya kanda, si kijijini. Nimeshafikiria kila kitu jamani, msidhani sijafikiria.

Shangazi_Viazi
Hakuna aliyedhani hivyo, mdogo wangu. Lakini kodi ya miezi 6 ni hela, inauma halafu inasahaulika.

Mkaguzi_Kimya
Kama ni kweli, Mungu amlinde mtoto. Kauli zilipishana, nisingeuliza mimi angeuliza mwingine. Mpwa wangu ni SS, yuko Iringa kwenye mwinuko unaokaribia huo. Anaishi. Lakini mama yake Julai hatoki nje ya nyumba, na shule mtoto anaanza kuingia saa 3, mwalimu mkuu aliandikiwa barua ya daktari. Hilo lipangeni mapema.

Nesi_Mstaafu
Kubanwa kifua na kuwekewa oksijeni kunabadilisha mazungumzo, mwanangu. Hilo usilimalizie humu. Nenda kliniki na kadi yake, waambie mita 1,700 na nyuzi 5, kwa namba hivyohivyo. Waulize wakimpa ruhusa, wamwandikie rufaa kwa jina la hospitali utakayofikia, na dawa za miezi 2 ukiwa nazo mkononi. Na uliza kama unaweza kutangulia wewe, yeye akaja Oktoba mvua hazijaanza, Mbeya ikiwa kwenye joto lake. Kipupwe cha kwanza asikutane nacho akiwa mgeni.

Kisima_cha_Pwani
Oktoba. Hilo sikuwa nimeliwaza.

Kliniki yake ni Jumatano, nitakwenda kesho bila kusubiri. Kuhusu Morogoro mwisho wa kubadilisha ni Ijumaa. Sijui. Naombeni msinisukume kwenye hilo.

Kuna mtu humu anaishi Uyole? Naomba mtu anipimie joto chumbani alfajiri. Si nje, chumbani. Nikaiseme kesho kwa daktari.

Jembe_la_Uyole
Nilikuwa nasoma tu. Niko Uyole, kipimajoto ninacho, nafuga vifaranga. Nitakiweka chumba cha watoto usiku huu, urefu wa kitanda.

Jembe_la_Uyole
Saa 11 na dakika 40 alfajiri. Nje nyuzi 6. Chumba cha watoto 13, dirisha limefungwa, pazia zito, watoto watatu wamelala humo. Chumba cha wageni hakuna mtu, 11. Sakafu ya simenti sikuipima, nimeikanyaga bila viatu nikarudi kuvaa. Nitapima tena saa 2 kabla hujaingia kwa daktari.