Naomba ushauri: nianze na misingi ipi ya usanifu wa mabango kabla ya kununua kompyuta?

BintiWaKisauni

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Ninaishi Kisauni, hapa Mombasa, na kwa muda sasa nimekuwa nikiwatengenezea majirani matangazo kwa simu yangu: mama anayepika biriani za harusi, kijana anayeuza maji, madrasa inayotangaza masomo ya likizo. Kwa kuwa watu wameanza kunilipa, naona si haki kuendelea kubahatisha.

Bango linalonishughulisha sasa ni la fundi cherehani wa Majengo anayetaka kuwafundisha wanawake kushona madera na mabuibui. Amenipa jina la duka, orodha ya mafunzo, ada, siku na saa, mahali, namba ya simu na picha kadhaa, naye anataka vyote viingie katika karatasi moja ya A3 itakayobandikwa ukutani, ng'ambo ya barabara kutoka steji ya matatu. Nimeandika kichwa kwa herufi nyekundu za mapambo juu ya zambarau na kuijaza karatasi hadi pembeni, lakini mteja alipolitazama alisema hajui aanze kusoma wapi. Juu ya hayo, nakala ya majaribio iliyotoka dukani ilikuwa na zambarau iliyopooza, tofauti kabisa na ile niliyoiona kwenye simu.

Mafunzo ninayoyapata hutaja mstari, umbo, rangi, nafasi, ukubwa na herufi kana kwamba vyote vina uzito sawa. Nijifunze kipi kwanza? Na je, ni lazima ninunue kompyuta ndipo kazi iwe nzuri?

MzeeWaVibao

Waaleikum salaam, mwanangu. Nilikuwa nikiandika vibao vya maduka kwa brashi kabla mashine za kuchapisha mabango hazijaenea mjini, na jibu langu ni kwamba kinachotangulia vyote ni mpangilio wa umuhimu, yaani kuamua jicho lifike wapi kwanza, wapi baadaye na wapi mwisho. Mstari, umbo na rangi ni vifaa vya kutekeleza uamuzi huo, na asiyekuwa na uamuzi huvitumia vyote kwa nguvu moja, vikaishia kushindana.

Chukua karatasi na penseli kabla ya kuigusa simu. Jiulize mwanamke aliyeshuka matatu, mtoto mkononi, anahitaji neno gani ili asimame. Mimi ningesema ni «Jifunze kushona», na hilo ndilo la kwanza. La pili ni wapi na lini, kisha ada na namba ya simu. Jina la duka, ambalo fundi bila shaka atataka liwe kubwa kuliko yote, linaweza kukaa chini, kwa kuwa mpita njia bado hamjui mwenyewe. Atakubishia, mjibu kwa adabu, lakini usikubali upesi.

Sisi waandika vibao tuna kipimo cha zamani: herufi iwe na urefu wa inchi 1 kwa kila futi 10 za umbali ikiwa unataka isomwe bila taabu. Tuseme upana wa barabara hapo ni futi 30. Basi kichwa chako kinahitaji herufi za inchi 3. Karatasi ya A3 ikisimama ina upana usiofika inchi 12 na urefu wa inchi 16 na nusu. Maneno «Jifunze» na «kushona» yana herufi saba kila moja, kwa hiyo yatahitaji herufi nyembamba, kila neno kwenye mstari wake, na mistari hiyo miwili itakula karibu nusu ya karatasi. Hesabu hiyo peke yake itamwonyesha mteja kwamba picha zote na orodha nzima haziwezi kukaa humo. Achague picha moja.

UkhtiWaLeso

Nakubaliana na Mzee, ila dada yetu asidhani kwamba elimu hii inapatikana katika video za ng'ambo tu. Nenda Biashara Street ukasimame mbele ya duka lolote la leso, uitazame leso moja kwa utulivu kama kazi ya usanifu. Wafanyabiashara wa huko wamekuwa katika shughuli hii tangu karne ya 19. Kaderdina Hajee Essak, ambaye leso zake zinajulikana kwa alama ya «Mali ya Abdulla», alianza mwaka 1887, kwa hiyo unachokiona pale ni mpangilio uliokwisha kupimwa na macho ya vizazi vya wanunuzi.

Kuna pindo linalozunguka pande zote nne, na kazi yake ni kulishika jicho lisitoke nje. Ndani yake kuna mji, ambao mara nyingi huwa na umbo moja kubwa katikati, au umbo dogo, tuseme korosho, linalorudiwarudiwa kwa umbali ulio sawa. Kisha kuna jina, yaani msemo wa leso, lililoandikwa kwa mstari mmoja ndani ya kisanduku kilichotengewa nafasi yake, bila ua wala nukta inayopita juu ya maneno. Rangi nazo kwa kawaida ni chache, na moja hutawala. Hapo umepata mstari, umbo, marudio, ulinganifu na nafasi kwa pamoja, na umeona kila kimoja kikifanya kazi.

Nafasi tupu ndiyo inayowatia hofu wanaoanza, kwa sababu mteja huiona kama karatasi aliyoilipia bure. Lakini kisanduku cha jina kisingesomeka kama kingejazwa maua. Katika bango lako, acha ukingo mtupu wa sentimita 2 hivi kila upande, usogeze pamoja vitu vinavyohusiana (siku na saa na mahali, kisha ada na simu), halafu acha pengo kubwa zaidi kati ya kundi na kundi. Macho huvichukulia vitu vilivyokaribiana kuwa jambo moja, na kwa njia hiyo hutahitaji mistari ya kutenganisha.

MchapishajiTudor

Nizungumzie zambarau, kwa sababu sisi wa maduka ya kuchapisha hulaumiwa kwa jambo ambalo mara nyingi si letu. Simu hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, na mianga hiyo ikijumlishwa huelekea kwenye weupe. Printa hutengeneza rangi kwa wino wa samawati, majenta, manjano na nyeusi, ambao hupunguza mwanga unaorudi kutoka kwenye karatasi. Ziko rangi ambazo mwanga unaweza kuzitoa na wino hauwezi, na zambarau inayong'aa ni miongoni mwa hizo, pamoja na buluu kali na kijani cha kumeremeta. Ukiwa na programu inayokuruhusu kufanya kazi katika mfumo wa CMYK, yaani wa wino hizo nne, utaiona tofauti hiyo mapema, ingawa si kikamilifu. Ukiwa na simu tu, chagua zambarau iliyokolea na isiyong'aa, na uombe kipande kidogo cha majaribio kabla ya kuchapisha nakala nyingi.

Nyekundu juu ya zambarau ni tatizo jingine, ambalo lipo hata kwenye simu. Majina ya rangi hizo yanatofautiana, lakini mwangaza wake unakaribiana. Igeuze picha ya bango iwe nyeusi na nyeupe. Kichwa kikimezwa na kilichoko nyuma yake, basi tofauti haitoshi. Kwa matangazo ya kwenye skrini kuna kipimo kinachofuatwa na watengenezaji wa tovuti: maandishi ya kawaida yawe na uwiano wa mng'ao usiopungua 4.5 kwa 1, na yaliyo makubwa 3 kwa 1. Herufi za manjano hafifu au nyeupe juu ya zambarau iliyokolea hukivuka kipimo hicho kwa urahisi.

Kuhusu faili: A3 ni milimita 297 kwa 420. Ikiwa rangi inafika ukingoni, ongeza milimita 3 kila upande, faili iwe 303 kwa 426, ili kisu kikikosea kidogo pasitokee mstari mweupe. Picha ya kusomwa karibu inahitaji nukta 300 kwa inchi. Kwa bango la ukutani linalotazamwa kutoka mbali, 150 zinatosha. Na tafadhali, usitume kazi kwa WhatsApp kama picha, kwa kuwa hubanwa na kupoteza ubora. Itume kama dokumenti, ikiwezekana PDF.

KijanaWaBamburi

Ukhti amesema vizuri, lakini kuna tahadhari moja. Jina la leso mara nyingi huandikwa kwa herufi kubwa tupu, na hilo linafaa kwa sababu ni sentensi moja fupi. Ukiandika orodha yote ya mafunzo namna hiyo, maneno yote yatakuwa na umbo la mstatili mmoja na msomaji atachoka. Herufi kubwa ziwe za kichwa, na mengine yaandikwe kwa kawaida. Aina mbili za fonti zinatosha kabisa: moja nzito kwa kichwa, nyingine nyepesi kwa maelezo. Zile za mapambo, zenye mikia na vikunjo, ziachie kadi za harusi.

Kompyuta usinunue sasa. Canva, programu ya kusanifu matangazo, kwenye simu inatosha kwa kazi uliyoieleza. Itakapofika siku ya kumtengenezea mtu nembo, tafuta kompyuta hata ya kuazima na ujifunze Inkscape, ambayo haina malipo na huchora kwa mistari inayokokotolewa badala ya nukta, ili nembo hiyo hiyo ikae kwenye risiti na kwenye ukuta wa duka bila kuchakaa kingo. Nembo iliyotengenezwa kwa nukta huharibika pale tu mteja anapotaka kuikuza.

BintiWaKisauni

Ahsanteni sana, Mzee, Ukhti na ndugu zangu. Nimeanza upya kwa penseli: kichwa kimechukua nusu ya juu, cherehani moja imekaa chini yake, na makundi mawili ya maelezo yamepangwa kwa kufuata ukingo wa kushoto. Fundi ameridhia, ingawa jina la duka bado anataka liongezwe kidogo. Nina swali jingine. Madrasa wanataka mstari wa Kiarabu juu ya maelezo ya Kiswahili. Nao niuegemeze kushoto?

UkhtiWaLeso

Hapana, dada. Kiarabu huanzia kulia, kwa hiyo uegemeze mstari huo kulia, au uuweke katikati peke yake na Kiswahili kibaki kushoto chini yake. Usitanue nafasi kati ya herufi kama ufanyavyo kwa Kiswahili, kwa sababu herufi za Kiarabu huungana na utakuwa umelivunja neno. Baadhi ya programu huzitenganisha zenyewe au kuzipanga kinyume, nawe kama husomi vizuri hutagundua. Mwonyeshe mwalimu wa madrasa kazi iliyokamilika, si maneno uliyotumiwa tu. Na ikiwa ni aya ya Kurani, mshauri iwekwe kwenye bango litakalotundikwa ndani, si kwenye vikaratasi vya kugawa barabarani, ambavyo vitaishia chini ya miguu ya watu. Kwa vikaratasi, jina la madrasa kwa hati nzuri linatosha.