Majarida ya zilipendwa: sura ya Wazungu mmeiga, kazi yenyewe mmeiacha

Mtwara kuchele, wakuu. Mods, uzi huu msiuunganishe na ule wa kuchagua nyimbo kali za zamani. Hapa hatuchagui nyimbo, tunadai haki ya msomaji aliyetoa hela yake.

Toleo jipya la lile jarida la zilipendwa limeshushwa stendi wiki hii pamoja na vifurushi vya Dar. Jina silitaji, wanaolinunua wanalijua. Kurasa 48, Sh 10,000, na juu ya jalada kuna maandishi ya dhahabu: "kwa msikilizaji aliyekomaa". Msikilizaji aliyekomaa ana miaka 60 kwenda mbele. Mpeni mzee wa umri huo ukurasa wa 6 akiwa barazani kwake Mikindani, au Mtanda kule Lindi, saa kumi jioni jua likiwa bado jeupe. Atalisogeza mbali, atalirudisha karibu, ataliweka chini.

Chukueni rula. Pimeni kutoka kitako cha mstari wa kwanza hadi kitako cha mstari wa 11, yaani nafasi ya mistari 10. Ni sentimita 3 kamili. Kwa pointi, kipimo cha wachapaji, hiyo ni 8.5 kwa kila mstari, na herufi yenyewe ni pointi 7. Herufi kama "a" au "e" hapo ina kimo cha milimita 1.2 hivi. Jicho la binadamu linaanza kushindwa kusoma karibu likishapita miaka 40 na kidogo, kwa sababu lenzi ya ndani inakakamaa na haijivuti tena. Hakuna mzee anayeikwepa hiyo. Wanaochapa kwa ajili ya watu wenye uoni hafifu huanzia pointi 12, na kinachoitwa maandishi makubwa ni 16 kwenda juu. Pointi 12 yenye nafasi ya 15 inatoa sentimita 5.3 kwa mistari 10. Hiyo ndiyo namba ya kuwapimia, si maneno ya dhahabu.

Watasema nafasi haitoshi. Nafasi ipo. Toleo hili lina kurasa 9 zilizojazwa picha zilizokuzwa mpaka zimebaki vitone, na picha moja ya gitaa limeegemezwa ukutani imetumika mara mbili. Toeni hizo, muwape wazee maandishi.

Hii sura ya kurasa nyeusi na CD ya bure juu ya jalada imetoka wapi inajulikana. Imetoka kwenye majarida ya muziki ya Uingereza. Record Collector ipo tangu 1980, Q ilianza 1986, Mojo 1993, Uncut 1997. Mojo na Uncut hasa zililenga watu waliokwisha kupita ujana, wenye santuri zao ndani. Na soko hilo si la mchezo: The Word ilianza 2003 ikafungwa 2012, Q ikafungwa 2020. Zilizosimama hazikusimamishwa na kurasa nyeusi wala CD ya bure kwenye jalada. Mojo wana ukurasa wa kumwelekeza mnunuzi: msanii mmoja, albamu 10, zimepangwa kwa ubora, na kila moja inaelezwa kwa nini iko pale ilipo. Mtu aliyeandika ukurasa huo amekaa na albamu zote hizo akazisikiliza. Wahariri wetu wameona jalada, wakaona CD, wakaona weusi, vyote vikaigwa. Ile ya kukaa na kusikiliza haikuigwa.

Ushahidi uko kwenye maelezo ya picha, na hapa ndipo panapouma kuliko pote.

Ukurasa wa 11: "Msondo Ngoma, 1968". Mwaka 1968 hakukuwa na bendi yenye jina hilo. Ilikuwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, iliyoanzishwa 1964. Ikaja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, ndipo ikawa Msondo Ngoma. Msondo ulikuwa mtindo wao wa kupiga, na mtindo si jina la bendi. Mtu hawezi kuiita Western Jazz "Saboso" wala Tabora Jazz "Segere Matata" kwenye maelezo ya picha na akaachwa.

Ukurasa wa 12: "DDC Mlimani Park siku za mwanzo, 1978". Mwaka wa kuanza ni sahihi. Lakini 1978 ilikuwa chini ya kampuni ya usafiri na teksi, TTTS. DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, waliichukua 1983. Aliyeandika DDC hapo hakuuliza mtu yeyote, na waliokuwa wakienda kuicheza Sikinde, mtindo wa bendi hiyo, enzi hizo bado wapo, wanapiga simu na kupokea.

Ukurasa wa 13: "Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, 1977". Mbaraka aliiacha Morogoro Jazz 1973, akaunda Super Volcano, na akafariki kwa ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979. Kwa hiyo ama picha ni ya Super Volcano, ama mwaka ni wa uongo. Mhariri alitakiwa kujua ni lipi kabla wino haujagusa karatasi.

Na ukurasa wa 15, watu wa Lindi mkae chini: Kilwa Jazz imeandikwa "bendi kutoka Kilwa Masoko". Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande maskani yake yalikuwa Dar es Salaam. Jina ndilo lilikuwa la huku kwetu, kama Western Jazz ilivyobeba jina la Jimbo la Magharibi huku ikipiga Dar. Katika kurasa 48, Kusini tumetajwa mara moja tu, na mara hiyo moja wamekosea.

Maelezo ya picha si kazi kubwa. Jina la bendi kama lilivyokuwa siku ile, mji na ukumbi, mwaka, majina kutoka kushoto, na picha ni ya nani. Mwaka usipojulikana, andika "kati ya 1973 na 1979". Mzee ataheshimu hilo kuliko mwaka wa kubuni, maana akiona kosa moja analolijua, hata yale asiyoyajua hatayaamini tena.

Sasa CD. Nyimbo 12, na asiye na mashine ya CD amepewa kiungo cha kupakua. Wazo zuri, kwa sababu wazee wengi huku wanasikilizia flashi kwenye redio au sabufa. Utekelezaji ni aibu.

Kwanza, nyimbo 5 zimekatwa katikati. Santuri ndogo za Afrika Mashariki, zile za mizunguko 45 kwa dakika, zilikuwa zikigawa wimbo mmoja pande mbili: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa nyuma. Mashairi yanaisha mbele, na chemko, pale magitaa yanapoachiwa na tarumbeta zinaingia, mara nyingi liko nyuma. Hawa wamenakili upande wa mbele tu, sauti ikififia wakadhani wimbo umekwisha. Wametupatia wali, mchuzi wameuacha jikoni. Dawa yake ni dakika tano za kazi: nakili pande zote mbili, ziunganishe, acha sekunde moja ya kimya pale kati, na uandike kwamba ni sehemu ya 1 na 2.

Pili, mwendo. Nyimbo 3 zinakimbia. Sauti za waimbaji zimekuwa nyembamba kama za watoto. Nakala iliyopanda nusu sauti imeongezwa kasi kwa karibu asilimia 6, na wimbo wa dakika 3 unaisha kwa dakika 2 na sekunde 50. Hilo hutokea kaseti ikichezwa kwenye deki ambayo mota yake inakimbia, au ikiwa deki iliyorekodi kaseti hiyo haikuwa sawa. Kama chanzo ni santuri, bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani ya gramafoni na uhesabu: inatakiwa ipite mara 45 ndani ya sekunde 60. Ikipita 47 au 48, rekebisha kwanza.

Tatu, wamebana mafaili mpaka basi. Wimbo wa dakika 4 una MB 1.9, yaani kilobiti 64 kwa sekunde. Kwa kiwango hicho matoazi yanasikika kama mchanga unaomwagwa kwenye bati. Kwa kilobiti 320 wimbo huohuo ni MB 9.6, na nyimbo 12 za namna hiyo zinaingia kwenye flashi ndogo kuliko zote zinazouzwa sokoni.

Nne, wameandika kwamba zote 12 "zimetoka kwenye santuri halisi". Nusu yake ni za mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980. Santuri za bendi zetu zilikuwa zikitengenezwa Nairobi, na mpaka wa Kenya ulifungwa Februari 1977 hadi Novemba 1983. Zipo zilizopenya, lakini rekodi nyingi za miaka hiyo ni mikanda ya Radio Tanzania Dar es Salaam, hazikuwahi kuwa santuri. Kama mnayo santuri, tuandikieni nambari yake. Iko kwenye karatasi ya katikati, na nyingine imechongwa kwenye plastiki pale mistari inapoishia. Hamna nambari, msiseme santuri.

---

Jibu la Pleti Nne (Lindi):

Mkuu umegusa weusi ukaupita, naomba niuongezee, maana uchapaji ndiyo kazi yangu. Kurasa 14 hadi 21 ni nyeusi zenye maandishi meupe. Weusi ule haukuchapwa kwa wino mweusi peke yake, umechanganywa wino zote nne ili uonekane mzito. Maana yake kila herufi nyeupe ni tundu lililoachwa kwenye pleti nne tofauti za kuchapia, moja kwa kila wino. Pleti moja ikisogea robo ya milimita tu, rangi inaingia ndani ya tundu. Herufi ya pointi 7 ina mistari myembamba kuliko hiyo robo milimita, kwa hiyo inazibika. Angalieni ukurasa wa 17 kwa kioo cha kukuzia, kila "e" ina ukingo wa waridi upande wa kulia na tumbo lake limejaa.

Kama msanifu kurasa lazima atumie weusi, basi wino mweusi peke yake, herufi nene zisizo na vikia, pointi 11 kwenda juu, na aya mbili tatu tu, si kurasa 8. Na karatasi ile ya kung'aa iondoke. Barazani inarudisha jua machoni, ndani inarudisha taa. Karatasi isiyong'aa inasomeka pande zote mbili.

---

Jibu la Kiweke Damu:

Karatasi ya kung'aa ina ubaya mwingine kwa sisi wa pwani. Ule mng'ao ni tabaka la udongo mweupe na gundi. Masika, unyevu ukiingia, kurasa mbili zilizobanana zinashikana, na ukizivuta picha inabaki upande wa pili. Ukilitunza, lisimamishe kama kitabu, usilipange chini ya mengine 20. Na zile pini mbili za katikati zitoeni mapema kabla hewa ya chumvi haijazifanya kutu, maana kutu inakula ukurasa wa 24 na 25 mpaka zinachanika zenyewe. Toboa matundu matatu, pitisha uzi wa pamba, funga kwa ndani.

CD nayo wameibandika na gundi ya mpira moja kwa moja juu ya sura ya mwanamuziki. Msiivute kwa nguvu. Ipasheni joto kwa draya ya saluni kwa sekunde 20 hivi, kisha isukumeni gundi kwa kidole kutoka pembeni kuelekea katikati, itajikunja kama donge.

---

Jibu la Mwana wa Ruvuma:

Nakubaliana na makosa yote lakini tusiwaue. Ndio pekee wanaothubutu kuandika dansi kwenye karatasi. Hata Uingereza jarida la fRoots lilidumu miaka 40, kuanzia 1979, na likafungwa 2019. Tukiacha kununua tutabaki na picha za WhatsApp zisizo na jina wala mwaka.

---

Mwenye uzi anajibu:

Ndugu yangu, hakuna aliyesema tuache kununua. Anayenunua ndiye mwenye haki ya kudai. Na hizo picha za WhatsApp zitaendelea kutushinda kama jarida nalo litaandika "Msondo Ngoma, 1968". Jarida linakaa miaka 30 kabatini. Mjukuu atalikuta, ataamini.

Kwa hiyo tunaandika barua moja, na majina yetu chini yake. Madai ni haya: pointi 12, kurasa nyeusi ziishe, ukurasa wa 2 wa kila toleo uwe wa masahihisho ya toleo lililopita, kwa maandishi yenye ukubwa uleule na si kona ya chini, maelezo ya picha yasomwe na angalau mwanamuziki mmoja wa enzi hizo kabla ya kwenda kiwandani, na zile nyimbo 5 zirudishwe kwenye kiungo zikiwa nzima, pande zote mbili, bila kutulipisha tena. Mwenye santuri za nyimbo hizo aseme hapa, tuwapelekee nambari zake na hata nakala safi, wasipate kisingizio.

Kiweke, maelezo ya picha nne nilizozitaja naomba uyahakiki nami kabla hatujatuma, tusije tukasahihisha kosa kwa kosa. Pleti Nne, andika ile aya ya wino kwa lugha ya kiwandani, mchapaji wao aielewe.

Toleo lijalo likishuka stendi, kitu cha kwanza ni rula. Mistari 10, sentimita 5.3.