Begi la kubebea lenzi ya milimita 500: kilo 7 za kupanda ndege na milima ya Gombe, nifanyeje?

MwishoWaReli

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni mpiga picha wa harusi hapa Mwanga, Kigoma. Harusi ndizo zinazolipa kodi ya fremu, ila ugonjwa wangu hasa ni ndege na wanyama. Mwaka jana niliuza pikipiki nikanunua lenzi iliyotumika, Canon 500mm f/4, toleo la kwanza lenye kutuliza mtikisiko. Mke wangu anaiita "lile bomba", na sina la kumjibu: urefu sentimita 38.7, unene 14.6, uzito kilo 3.87, hapo bado sijaivika kofia yake ya kuzuia jua.

Safari ya kwanza niliipakia kwenye begi la kamera la kawaida, lile la mraba lenye vyumba vya sponji. Nikapanda boti ya abiria Kibirizi kwenda hifadhi ya Gombe. Begi nikaliweka juu ya gunia la unga, nikajiona mjanja kwa kulikwepesha na ngama, yale maji ya sakafu ya boti. Sikuona kwamba pembeni kuna dumu la mawese lililozibwa kwa gunzi. Tulipofika mahali ziwa linapochafuka, gunzi likachomoka. Nageuka, begi limekaa ndani ya mawese kama andazi kwenye karai, na sponji linanyonya. Lenzi ilipona kwa sababu nilikuwa nimeiviringisha taulo. Begi mpaka leo ukilianika juani linanukia mchuzi.

Kisha ule mlima. Anayeijua Gombe anajua: ukitoka ufukweni ni kupanda tu, mizizi, mawe, majani yanayoteleza. Begi halina mkanda wa kiunoni wa maana, lina utepe tu wa mapambo. Kilo zote zikaning'inia mabegani. Kufika maporomoko ya Kakombe bega la kushoto limekufa ganzi, na kidole gumba hakikurudi sawasawa mpaka kesho yake.

Ya tatu ni kusafiri kwa ndege. Niliitwa kazi Dar. Tiketi yangu inasema kilo 7 mkononi. Begi likapanda mzani: 9.4. Dada wa kaunta (shirika silitaji) akasema liende chini na mizigo mingine. Nikaitoa lenzi nikaifunga kitenge nikaipakata, na mama mmoja kwenye foleni akaniuliza mtoto ana miezi mingapi. Wakati wa kurudi sikuwa na bahati hiyo. Zile ndege za mapangaboi kabati lake la juu ni dogo, begi likachukuliwa mlangoni pa ndege. Kigoma nikaipokea skrubu ya mguu wa lenzi imelegea.

Sasa nataka begi moja litakalofanya kazi zote mbili, kupanda ndege na kupanda mlima. Nimeona mtandaoni la Gura Gear linaitwa Kiboko, jina letu kabisa, ila bei yake ndiyo kiboko chenyewe. Nimeona la kampuni ya f-stop, nimeona la Lowepro. Uwezo wangu ni laki nne, nikijikaza sana. Vitu vyangu ni hiyo lenzi, bodi ya kamera ya Canon 7D Mark II na lenzi fupi ya 70-200 f/2.8. Nawasilisha.

Chuma_Ulete

Nunua simu yenye kamera nzuri mkuu, inaingia mfukoni.

MwishoWaReli

Asante mkuu. Furukombe akikaa mti wa ng'ambo nitamwomba asogee.

NyamweziMpole

Sisi wa Tabora ndio wenye digrii ya kubeba mizigo. Babu zetu walipiga mguu na pembe za ndovu mpaka Bagamoyo bila zipu hata moja, wewe kilo nne zinakuua ganzi?

Utani pembeni. Mimi huwa natoka na baiskeli alfajiri kwenda bwawa la Igombe kutafuta ndege, kwa hiyo la mlima sina ushauri. La vumbi ninao. Usinunue begi kabla hujaikagua zipu. Vumbi letu hili jekundu likichanganyika na jasho linakula meno ya zipu, na begi zuri lisilofunga ni gunia. Yangu naisugua kwa mshumaa kila mwezi, mshumaa mweupe wa kawaida. Na usipake mafuta, utakuwa umelialika vumbi lije lilale hapo hapo. Ingawa wewe mafuta umeshapaka, tena ya mawese.

BintiWaKasulu

Kaka MwishoWaReli, pole na bega. Mimi ni wa Kasulu ila kazi iko Moshi, napandisha wageni mlimani mwaka wa sita huu. Ngoja nikukatishe tamaa kwanza halafu nikupe njia.

Piga hesabu yako mwenyewe. Lenzi 3.87, bodi 0.91, 70-200 ni 1.49. Jumla 6.27. Kwenye kilo 7 umebakiwa na gramu 730. Begi lenye sponji, fremu na mkanda wa kiuno lenye uzito wa gramu 730 mimi sijaliona. Mengi ya hayo uliyoyaona mtandaoni yanakaribia kilo mbili au yanazidi yakiwa matupu. Kwa hiyo hata ukikopa ukanunua Kiboko, mzani ule ule utakukamata na dada yule yule atakuwa amekaa pale pale.

Acha kutafuta begi la kamera. Tafuta begi la kupandia mlima, la mtumba, lita 40 hivi, lenye fremu ya ndani nyepesi na mkanda mnene wa kiuno. Hapa soko la Memorial yanapatikana, na kila mji wenye mitumba utayaona ukiwahi asubuhi ya kufungua belo. Nenda na mzani wa samaki, ule wa kuning'iniza. Likizidi kilo 1.6 likiwa tupu, liache.

Kabla ya kulipa, livae. Ila livae na mzigo ndani, tia hata mawe. Mkanda wa kiuno ukae juu ya mifupa ya nyonga, usikae tumboni. Ukiukaza, ingiza vidole viwili kati ya mkanda wa bega na bega. Vikipita kwa raha, nyonga zimepokea mzigo. Visipopita, begi hilo ni fupi kwa mgongo wako, hata liwe zuri namna gani. Ganzi yako ilitokana na hapo: mikanda myembamba ikibeba kila kitu inabana mishipa ya bega. Mabegi mengi ya kamera yana urefu mmoja wa mgongo, na aliyekatiwa kipimo hicho si wewe.

Ndani yake unaweka kiboksi cha sponji kinachotoka chote kwa mara moja. Hao f-stop ndivyo wanavyofanya, begi mbali na kiboksi mbali, na wewe unaweza kukishona kwa fundi. Mlimani kiboksi kinakaa juu ya nguo, kikiegemea mgongo. Kitu kizito kikikaa mbali na mgongo kinakuvuta nyuma kila unapoinua mguu, na kwenye mteremko wa Gombe hiyo si habari njema.

Siku ya ndege bodi na 70-200 vinaning'inia shingoni. Kamera shingoni sijaona mtu akiipima, ingawa shirika likitaka lina haki. Betri zote mkononi, usizitie kwenye mzigo wa chini, hizo za lithiamu za akiba haziruhusiwi huko. Na lenzi itenganishwe na bodi. Ukiziacha zimeungana, kila begi linapotua chini shingo ya chuma pale zinapokutana ndiyo inayokula kishindo.

MwishoWaReli

Dada, hiyo hesabu imenikaa kama kofi. Nilikuwa natafuta begi wakati tatizo ni mzani. Swali: zile ndege ndogo za kwenda hifadhi ya Mahale nasikia nazo zina masharti yake?

BintiWaKasulu

Zina. Zile Caravan kawaida ni kilo 15 kwa mtu, mara nyingi na cha mkononi kimo humo humo, na wanataka begi laini. Sababu ni kwamba mizigo inashindiliwa kwenye tumbo la chini ya ndege, sanduku gumu halikunjiki. Soma tiketi yako, kila kampuni na namba yake. Ndiyo maana nakwambia mtumba wa kitambaa. Sanduku la plastiki gumu litakuachisha safari.

MzeeFurukombe

Mwakeye wanangu.

Nimestaafu, nipo Ujiji, nimetembea na wageni wenye kamera misitu ya Gombe na Mahale kabla wengine humu hamjaanza shule. Binti amesema vizuri kuhusu mgongo. Mimi nauliza jingine: kijana, hiyo 500 unaipandisha mlimani kumpiga nani?

Kama ni sokwe, sheria ni kukaa mita 10 kutoka kwao, na muda wako ni saa moja. Nimewahi kukaa na mgeni tukapiga hesabu hiyo chini ya mti. Kwa kamera kama yako, 500 kwa mita 10 inaona upana wa sentimita 45 tu. Huo ni uso na kipande cha bega. Sokwe akiinua mkono kuchuma tunda, mkono umeshatoka kwenye picha. Wakati huo 70-200 yako inakupa kuanzia mita moja na kidogo mpaka mita tatu na zaidi, na inafungua tundu la mwanga mpaka 2.8, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa. Chini ya ile miti mwanga ni wa kuokoteza, hiyo tofauti ya 4 na 2.8 utaitafuta kwa tochi.

Nimeona wageni wazima wanalia jasho na lenzi kama mtungi, saa yao moja inaisha wakiwa wanafungua zipu.

Lenzi yako ndefu ni ya ufukweni, kwa furukombe na mdiria. Na ni ya bonde la mto Malagarasi. Kule kwenye matete, ukimtafuta korongo nyangumi, yule mwenye mdomo kama kiatu, utaishukuru, kwa sababu hakuruhusu umsogelee. Lakini Malagarasi unakaa ndani ya mtumbwi, hupandi mlima. Hapo dhiki yako ni maji, mgongo unapumzika. Tafuta ule mfuko wa mpira unaokunjwa mdomo mara tatu, kiboksi chako kiingie humo. Ukiukosa, turubai zuri linashonwa.

Mawili ya mwisho. Nyani wa ufukweni Gombe wanaijua zipu kuliko huyo wa Tabora. Usiache ndizi mfuko wa pembeni, nilishuhudia mmoja akitoa ndizi, akaonja na kitambaa cha kufutia lenzi, akakitema. Na ukirudi na mvua, lenzi usiiache kulala ndani ya begi. Itoe, iweke mahali penye hewa. Kuvu wa masika haombi ruhusa, na akiingia kati ya vioo, fundi wake yuko mbali na bei yake iko karibu na bei ya lenzi. Watu wanatia mchele, mimi siupendi, una vumbi.

MwishoWaReli

Shikamoo mzee. Nakubali nusu. Kule juu mgongoni mwa mlima nako wapo tai, na siku moja nitawataka. Ila hilo la sentimita 45 nimelipima jioni hii kwa rula ukutani nyumbani, hatua kumi ndefu, mtoto wangu ndiye sokwe. Kichwa kimeingia, mkono umebaki nje alipouinua. Umeshinda.

MzeeFurukombe

Marahaba. Mpe mtoto ndizi.

MwishoWaReli

Wakuu, narudi baada ya wiki tano.

Begi nimelipata kwenye mitumba, la kijani, jina lake limefutika. Mzani wa samaki umesema kilo 1.6 kasoro kidogo. Sh. 45,000, nimeanzia 70,000. Muuzaji aliponiona natia mawe ndani akawaita wenzake waje waone.

Kiboksi kashona fundi wa viatu, mtaa wa pili kutoka kwangu. Sponji la godoro gumu, si lile laini, unene sentimita mbili kila upande, nje kitambaa cha mwavuli. Mara ya kwanza alikikata kwa kipimo cha lenzi bila mguu wake, ikabidi afumue. Sasa mguu umegeuzwa upande wa mgongo na una kishimo chake, hauchomi. Kiboksi kitupu gramu 600. Kazi na vifaa sh. 35,000.

Jumamosi nimekwenda Dar na kurudi. Kaunta ile ile. Lenzi, kiboksi, begi, betri na chaji: 6.6. Kamera na 70-200 shingoni, chini ya koti, nikiwa natoka jasho kama mwizi. Dada kaniangalia, kaangalia mzani, kanipa pasi. Kwenye kabati la juu begi lilikataa kuingia, nikachomoa kiboksi peke yake nikakisukuma chini ya kiti cha mbele, kikaingia. Begi tupu wakalichukua mlangoni, nikawaaga kwa furaha kabisa.

Gombe bado, nasubiri mvua ipungue. Nimefanya zoezi la kupanda kutoka Kibirizi mpaka nyumbani kwa miguu, mzigo wote, kidole gumba kipo.

Lile begi la zamani la mawese natoa bure kwa anayelitaka. Zipu nzima, nimeisugua mshumaa. Aje Mwanga na kiroba cha kulibebea, nguo zake zisije zikapata doa.