Naomba ushauri: seting za chaja na mita ya betri kwenye Hiace ya kulala

Wakuu, habari za jioni.

Nina Hiace niliyoigeuza chumba, nalala humo nikiwa safarini Arusha hadi Iringa. Ndani kuna friji ndogo, taa na feni. Mwezi uliopita nilitoa betri za asidi nikafunga moja ya lithiamu (LiFePO4), volti 12, Ah 200. Chaja inayovuta kwenye alternata ni ileile, pamoja na paneli ya wati 100 juu ya paa.

Tatizo ni mita. Mchana wa mawingu inaruka hadi 100%, halafu saa nane usiku friji inazima huku mita ikisoma 71%. Maziwa yameharibika mara mbili!

Nimechungulia seting, nikakuta volti ya "imejaa" ni 13.2 na ampea za mwisho 4% (yaani chaji ikishuka chini ya 4% ya Ah za betri, kwangu ampea 8, mita inahesabu imejaa). Nahisi hapo ndipo penye uongo, maana lithiamu ikitulia tu inakaa karibu na 13.2, na paneli ikileta ampea tatu nne mita inadhani kazi imekwisha. Niipandishe hadi 14.0? Na namba ya Peukert (inayokadiria uwezo wa betri unavyopungua ukivuta umeme mwingi kwa haraka) niishushe kutoka 1.25 hadi 1.05?

Chaja nayo bado iko kwenye AGM (aina ya betri ya asidi iliyozibwa), volti 14.7. Nataka niweke 14.2, kisha 13.5 ikishajaa, na nizime kabisa ule usawazishaji wa betri za asidi (kuzichaji makusudi kwa volti ya juu mara mojamoja). Fundi wangu anasema "betri ni betri, acha hivyohivyo". Simwamini.

Mliofunga lithiamu, ninyi mmeweka ngapi?