Kidole cha grisi ndani ya gia yangu: huyu fundi amenidhalilisha

Wakuu, ninaandika mikono ikiwa bado myeusi, na jina lake silitaji kwa sababu kila mwenye baiskeli ya gia hapa Moshi anamjua yule bwana wa chini ya mwarobaini. Leo asubuhi nimempelekea baiskeli yangu ya gia 21, niliyoinunua mtumba na ambayo kwa miaka tisa imenipandisha Kibosho, nikamweleza taratibu kwamba kibonyezo cha gia za nyuma, kile cha kwenye usukani kinachovuta waya wa kuhamisha cheni, kinazama bila kulia "ta", na kwamba ninachoomba ni kioshwe kwa mafuta ya taa. Akachovya kidole kwenye kopo la grisi ya beringi, grisi nyeusi iliyokwisha kuchanganyika na mchanga, akakizamisha chote ndani ya kibonyezo, akanitazama usoni na kusema: "Imekufa hiyo, mzee. Nunua ya Kichina."

Kidole kizima! Grisi ile ingetosha kulainisha treni kutoka Moshi hadi Tanga. Ndani ya kibonyezo mna vimeno vidogo kama punje za mchele, vinavyosukumwa na springi nyembamba, na kinachovigandisha ni grisi ya kiwandani, ambayo ikikaa miaka mingi hukauka na kuwa kama nta hadi vimeno vishindwe kurudi mahali pake. Mgonjwa amekabwa na grisi, naye anamwongezea grisi, kwa kidole, mbele ya wateja wanne wanaocheka, halafu anadai shilingi 5,000!

Mchangiaji wa 1: Pole, lakini miaka tisa hukutia hata tone la mafuta, na leo unamlilia fundi? Kidole chake kimekuta maiti.

Mchangiaji wa 2: Bwana huyo huyo alinikatia ala ya waya wa gia, yaani ganda la nje ambamo waya unapita, ikawa fupi mno, na tangu siku hiyo nikigeuza usukani upande mmoja, cheni inahama gia yenyewe. Heri grisi, ndugu yangu, kwa kuwa grisi inaosheka.

Mchangiaji wa 3: Kwanza tujue kilichoharibika. Kibonyezo kikilia "ta" na cheni isihame, mara nyingi ni waya ulioshika kutu ndani ya ala. Mimi nilishauriwa kununua kibonyezo kipya, nikanunua, kumbe ni waya tu.

Mwanzisha uzi: Kinazama kimya, nimeshasema. Nimerudi nyumbani, nimefungua kifuniko, nimeingiza mafuta ya taa kwa bomba la sindano na kubonyeza zaidi ya mara mia moja, na kabla grisi ya kiwandani haijaanza kulegea ilinibidi kwanza niitoe ya kidole kile, pamoja na mchanga wake. Nilipoosha mara ya tatu ndipo nikasikia "ta" ya kwanza. Nimefuta, nimeacha pakauke, nimetia matone mawili ya mafuta ya cherehani. Sasa zinashika gia tano kati ya saba za nyuma, na hizo mbili ninamdai yeye na kidole chake.

Mchangiaji wa 4: Mafuta ya cherehani ni sawa, ila asije mtu akatia ya kupikia. Jirani yangu alitia ya alizeti, yakaganda kama gundi, na mimi ndiye niliyepoteza Jumapili nzima nikikwangua.

Mchangiaji wa 2: Turudi kwenye waya. Nani anajua duka linalouza ala ya gia kwa mita?

Mchangiaji wa 5: Ukienda kununua, tazama kichwa cha waya kabla hujatoa pesa. Jana nimeuziwa waya wa breki, kichwa chake ni kinene hakiingii kwenye kibonyezo cha gia, na muuzaji, ambaye nadhani wote mnamjua, amekataa kuupokea.