Mkopo haujafika kwenye ada yote: tuuze nusu ekari ya zabibu ili binti aende chuo?

MamaZabibu_Mpunguzi

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba ushauri wa watu waliopitia, maana muda umebaki mdogo na nyumbani hatujakubaliana.

Binti yetu wa kwanza amemaliza kidato cha sita na amechaguliwa chuo kikuu cha umma hapahapa Dodoma, shahada ya sayansi na ualimu, miaka mitatu. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kufika huko. Kidato cha tano na cha sita amesoma bila ada, kwa kuwa ilifutwa mwaka 2022, kwa hiyo tulikuwa tumezoea kuhangaika na nauli, sare na godoro. Maelekezo ya kujiunga na chuo yalipokuja, baba yake aliyasoma akanyamaza, akatoka nje.

Ada ni milioni moja na laki tatu kwa mwaka. Bodi ya Mikopo imempa fedha ya chakula na malazi pamoja na ya vitabu, lakini kwenye ada imempa laki tano na nusu. Laki saba na nusu ni yetu. Halafu kuna mambo ambayo hakuna aliyetuambia: usajili, kitambulisho, mchango wa umoja wa wanafunzi, elfu 20 ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), bima ya afya 50,400, hela ya tahadhari, kitanda cha hosteli, koti la maabara. Hivyo vidogovidogo nimevijumlisha vinakaribia laki tatu na nusu, na hapo hajanunua ndoo wala shuka. Watu wanasema lazima pia awe na kompyuta.

Mume wangu ni fundi ujenzi. Kazi za Mji wa Serikali kule Mtumba zilitubeba sana, ila sasa zimekuwa za kuokoteza. Mimi nalima zabibu, ekari moja na nusu, mizabibu iliyoanzishwa na mama mkwe. Tunavuna mara mbili kwa mwaka, mwezi wa pili hadi wa tatu na mwezi wa nane hadi wa tisa. Mavuno ya Agosti ndiyo tuliyoyawekea matumaini ya chuo. Mzigo tumeupeleka, mnunuzi amelipa sehemu, iliyobaki anasema tusubiri. Zabibu ikishaiva haina cha kungoja, usipomkabidhi inaozea shambani, kwa hiyo yeye ndiye anayepanga lini alipe.

Sasa amekuja mtu wa mjini anataka nusu ekari ya upande wa barabara, anatoa milioni nne taslimu. Tangu serikali ihamie Dodoma watu kama hao hawaishi kupita huku. Baba watoto anasema tuuze, tulipe miaka yote mitatu, tupumue. Mimi roho inakataa. Hiyo nusu ndiyo iliyo karibu na kisima na ndiyo inayozaa kuliko kwingine kote, na nyuma ya huyu binti kuna wadogo zake watatu. Ikienda, wa pili nitamsomesha na nini?

Nimewaza pia alale nyumbani, aende na kurudi kwa daladala, ili hela ya malazi iingie kwenye ada. Inawezekana? Na huo mkopo wenyewe, akimaliza atakatwa mpaka lini? Naombeni majibu ya kweli.

Kijana_wa_Kondoa

Shikamoo mama. Hongera kwa binti, hiyo kozi si ndogo. Niko mwaka wa tatu chuo cha umma hapa Dodoma, kwa hiyo nakueleza ninachokiishi.

Kwenda na kurudi Mpunguzi, hapana. Ni gari ya kumfikisha mjini, halafu nyingine ya chuo, jioni vilevile. Watu wa sayansi wana vipindi vya saa moja asubuhi na maabara za mpaka jioni kabisa. Nauli na chakula cha mchana vitakula hiyo akiba unayoitafuta, na vipindi vya asubuhi atavikosa. Hosteli ya chuo ni nafuu sana ukilinganisha na geto. Huku Ng'ong'ona mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, na bei zilipanda tangu wafanyakazi wa wizara walipoanza kutafuta vyumba mji huuhuu tunaoutafuta sisi. Wakikosa kitanda, watu wanabebana, wawili kitanda kimoja cha futi mbili na nusu, na mtihani unaanza huku shingo imekaza.

La muhimu zaidi, mama: boom, yaani hiyo hela ya chakula na malazi ya Bodi, haliingii siku anayofika. Anatakiwa asajiliwe kwanza, na ili asajiliwe anatakiwa awe amelipa sehemu ya ada. Baada ya hapo majina yanakwenda, ndipo anasaini kwa alama za vidole. Mwaka wetu wa kwanza tulikaa zaidi ya mwezi. Kipindi hicho ndicho nilichoona wenzangu wanaingia kwenye kausha damu, anakopa laki moja anadaiwa laki na nusu, boom likija linaishia huko.

Kwa hiyo usiitazame milioni na ushehe yote kwa pamoja. Vyuo vingi ada inalipwa kwa mihula. Nusu ya ada ni laki sita na nusu, nusu ya mkopo wake wa ada ni 275,000, kwa hiyo muhula wa kwanza mnatakiwa 375,000. Weka laki tatu na nusu ya michango, weka laki mbili ya kula mpaka boom liingie. Ni 925,000. Ni nyingi, lakini si milioni nne.

Kompyuta asinunue sasa. Muhula wa kwanza simu na maktaba vinatosha.

Na jambo moja naliomba kwa heshima. Boom ni elfu 10 kwa siku, ilipandishwa kutoka 8,500 mwaka wa masomo 2022/23. Likiingia la siku 60 ni laki sita, na nyumbani linaonekana hela nyingi. Mimi nusu yake ilikuwa inakwenda Kondoa kwa mdogo wangu aliyekuwa kidato cha tatu. Sijutii, ni damu yangu. Lakini kuna wiki nilikunywa uji mchana na usiku nikasoma na kizunguzungu. Msimpe binti mzigo huo.

Mchumi_Nzuguni

Mama, uza. Elimu ni uwekezaji kuliko shamba. Ardhi bei yake iko juu sasa, kesho hujui. Milioni nne unalipa tofauti ya ada miaka mitatu, 2,250,000, inayobaki unaiweka kwenye mfuko wa uwekezaji wa UTT inazaa taratibu. Akiajiriwa atakununulia ekari tano. Serikali imeshasaidia sana, elimu bure mpaka kidato cha sita, mzazi naye achangie.

MwalimuMstaafu_Mpwapwa

Mbukwenyi, mama. Nimesoma na nimeshindwa kulala bila kujibu.

Mimi nilisoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1970. Wakati ule, baada ya Azimio la Musoma la 1974, ulikuwa ukitoka kidato cha sita unakwenda JKT, unafanya kazi, ndipo unafikiriwa chuo kikuu. Nilipanda treni stesheni ya Gulwe kwa waranti ya serikali. Ada sikulipa, kitanda sikulipa, chakula nilikula bwaloni, vitabu nilipewa posho. Baba yangu alikuwa mchunga ng'ombe, na kitu pekee alichonipa ni blanketi. Kuchangia gharama kumekuja mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikaanza nauli na usajili, kisha chakula na malazi vikawa mkopo. Sheria ya Bodi ya Mikopo ni ya 2004, na kazi ikaanza 2005.

Tulikuwa wachache, najua. Nchi nzima ilikuwa na chuo kikuu kimoja mpaka Sokoine ilipoanzishwa 1984. Leo hapo Dodoma peke yake kuna chuo kikuu tangu 2007 chenye wanafunzi wengi kuliko tulivyoweza kufikiria. Siwezi kusema serikali ibebe wote kama ilivyonibeba mimi. Ila ndugu Mchumi, unaposema mzazi naye achangie, kumbuka mimi nilisomeshwa na nani. Pamba, kahawa, korosho na katani za wakulima ndizo zilizonilisha pale bwaloni. Mkulima alishachangia, alichangia kwa ajili yangu. Inaniuma kuona mjukuu wa mkulima yuleyule anaambiwa auze kisima ili asome ualimu, kazi ileile niliyoifanya mimi bila kudaiwa.

Na hayo ya kuajiriwa na kununua ekari tano, ninao vijana hapa Mpwapwa wenye shahada za ualimu ambao wanaomba kila tangazo la ajira likitoka, mwaka unaisha mwingine unaanza. Wenye shamba nyumbani angalau wanakula. Mizabibu ikitunzwa inazaa miaka ishirini na zaidi. Ukiing'oa ukapewa milioni nne, hiyo hela itaisha kabla binti hajavaa joho. Mwanangu, usiuze.

MamaZabibu_Mpunguzi

Marahaba Kijana wa Kondoa. Nimemsomea baba watoto hapo kwenye uji, amesikitika sana. Hatutamwomba binti hela ya boom, hilo nimeliahidi mbele ya wadogo zake.

Mzee wangu wa Mpwapwa, asante. Mchumi naye asante, umesema ambayo mume wangu anayasema, na yeye hana nia mbaya, amechoka tu kuona watoto wanarudishwa kwa sababu ya hela.

Kuna aliyenipigia akaniambia tukate rufaa na tuandike namba ya TASAF (mfuko unaosaidia kaya maskini) ya mama mkwe, yeye yuko kwenye mpango. Sisi hatumo. Ni sawa?

Mwl_Manyoni

Dada, usiweke namba ya TASAF ya bibi kama binti hakulelewa kwenye kaya ile. Nimewahi kuwajazia wanafunzi wangu fomu hizi. Taarifa zinalinganishwa, na uongo mmoja unaharibu hata yale ya kweli.

Rufaa kateni, lakini kwa vielelezo vyenu wenyewe. Binti aangalie SIPA, akaunti yake ya mkopo kwenye mtandao wa Bodi, na matangazo ya Bodi kila siku, dirisha la rufaa huwa halikai wazi muda mrefu. Kwanza aangalie kama fomu ya mwanzo ilikamilika, cheti cha kuzaliwa kilihakikiwa RITA, kurasa zilisainiwa na serikali ya kijiji na wakili au hakimu. Wengi wanapungukiwa mkopo kwa sababu ya karatasi moja, kisha wanadhani wameonewa. Baba kama anafanya ujenzi wa kuitwaitwa, mtendaji aandike hivyohivyo, si "fundi" peke yake, maana anayesoma huko anaweza kudhani ana kampuni. Wadogo watatu wanaosoma watajwe. Rufaa inaweza isizae kitu, msiiwekee bajeti.

Uliuliza makato. Sheria ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na kuna miezi 24 ya kusubiri baada ya kumaliza. Chukua mfano: chakula na malazi kwa siku kama 240 ni milioni 2.4, vitabu laki mbili, ada laki tano na nusu, jumla milioni 3.15 kwa mwaka. Miaka mitatu ni karibu milioni tisa na nusu, bila hela ya fildi (mafunzo ya vitendo). Mwenye mshahara wa laki nane anakatwa 120,000 kila mwezi, anamaliza baada ya miaka sita na nusu hivi. Inauma, mimi nimo humo. Lakini tangu 2021 ile asilimia 6 ya kulinda thamani na adhabu ya asilimia 10 vimefutwa, kwa hiyo deni linapungua kweli. Zamani ulikuwa unalipa na salio linapanda, watu walikuwa wanalia ofisini.

Kwa hiyo 925,000 ya kijana hapo juu: hauna kikoba?

MamaZabibu_Mpunguzi

Ninacho, tunavunja Desemba. Hisa zangu ni laki mbili na nusu, na kwetu unakopa mpaka mara tatu, yaani 750,000. Sikutaka kukigusa kwa sababu nilidhani inatakiwa yote kwa mara moja.

Baba watoto ana kitu kidogo cha kazi ya wiki iliyopita, na kuna mbuzi wawili. Nikikopa kikoba nitarudisha na hela ya mnunuzi akituletea, asipoleta basi mavuno ya mwezi wa pili. Muhula wa pili nao utategemea mavuno hayohayo, najua panabana. Tumekubaliana yule mtu wa mjini aambiwe hatuuzi mwaka huu. Kesho asubuhi binti anakwenda kwa mtendaji.

Kijana wa Kondoa, hiyo hosteli anaomba kabla ya kulipa ada au baada?

Kijana_wa_Kondoa

Kwetu unaomba kwenye mfumo wa chuo, ukipangiwa kitanda unapewa namba ya malipo na siku chache tu za kulipa. Ukichelewa anapewa mwingine. Hela ya kitanda itenge kwenye simu yake kabisa, isichanganywe na ya ada. Na akifika mjini aniandikie humu kwanza, nina godoro la mtu aliyehitimu, atalichukua bure.